Mwalimu mstaafu wa Georgia alisimamishwa getini Karatu. Naomba kueleweshwa: ubaguzi wa Marekani si uliisha 1965?

Dereva_Sakina (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni dereva wa wageni, huu mwaka wa kumi na moja. Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti, narudi kwangu Sakina, Arusha, nafua nguo, naondoka tena. Siasa za Marekani nazisikia kwenye simu kama mnavyozisikia ninyi. Ila kuna jambo la msimu uliopita limenikaa kooni, halipandi halishuki, nimeona nililete humu kwa waliosoma.

Ofisi ilinichanganyia wageni, si mnajua gari likiwa halijajaa. Nyuma alikaa mzee mmoja mweusi wa Georgia na mkewe. Mzee amestaafu ualimu wa hesabu, na kazi haijamtoka, maana alikuwa anahesabu hata pundamilia. Katikati walikaa mzungu na mkewe kutoka Alabama, mume ana duka la mbao na misumari. Majimbo yao yamepakana. Nisiwasingizie, wote walikuwa watu wazuri. Siku ya kwanza Tarangire walipeana darubini, mke wa mzungu akampaka mama wa Georgia dawa ya mbung'o mikononi kama anampaka dada yake.

Siku ya pili tukapanda ule mlima wa Mto wa Mbu, nikasimama pale wanapopigia picha ziwa. Mzungu, tena kwa nia njema kabisa, akasema anaipenda Tanzania kwa kuwa watu hawaongelei rangi kila saa, na kwamba hata kwao mambo hayo yalishakwisha, ni wanasiasa tu wanayachokonoa. "Tulimchagua Obama mara mbili," akasema. Mzee wa Georgia akashusha darubini. "Wewe ulimchagua?" Mzungu akacheka kidogo, akasema, hapana, yeye hapana. Wakuu, kutoka pale mpaka Rhotia ndani ya gari ilisikika injini tu. Mimi nikaanza kuwaonyesha ndege wasiokuwepo.

Jioni tumefika hotelini Karatu. Mzungu akatoka nje ya geti kunyoosha miguu na kuangalia mashamba ya kahawa. Mzee naye akatoka dakika kumi baadaye, kaptula na kandambili, hana kamera. Mzungu akarudi, askari akampigia saluti, geti likafunguka lenyewe. Mzee akarudi, askari akamsimamisha. "Mzee, unamtafuta nani?" Kiswahili cha mzee kinaishia kwenye jambo na asante. Akatolewa daftari la getini aandike jina, ametoka wapi, anakwenda kwa nani. Akaandika. Halafu ndipo nikaitwa mimi nije nimtambue.

Nilipofika alikuwa anacheka, ila si kicheko cha furaha. Akaniambia amepanda ndege tatu kuja nchi ambayo alidhani kwa mara ya kwanza maishani hakuna atakayemgeukia, na swali alilokutana nalo getini ni lilelile analoulizwa kwao. Nilitamani ardhi inimeze. Askari mwenyewe ni mweusi kama mimi!

Usiku tumekaa kwenye moto. Mzee akaeleza kwamba Januari 2021 Georgia ilimchagua seneta mweusi wa kwanza katika historia yake, Raphael Warnock. Machi mwaka huohuo ikapita sheria mpya ya uchaguzi, na kati ya mambo yake inakataza kumpa maji au chakula mtu aliye kwenye foleni ya kura karibu na kituo. Mzungu akasema, na mimi nikaona ana hoja, "Lakini sheria ni moja kwa wote, hata mimi siruhusiwi kupewa maji." Mzee akamuuliza, "Foleni yako huwa ina watu wangapi?" Mzungu akasema yeye hajawahi kukaa foleni zaidi ya robo saa.

Akamalizia kwa maneno ambayo nimeshindwa kuyasahau: sheria za siku hizi hazinitaji jina, lakini kila zikitoka nyumbani zinaijua njia ya kwangu.

Sasa naomba kuelewa. Kura walipewa 1965. Mabango ya "weusi wasiingie" yalitolewa. Rais mweusi wamempata. Kinachogombewa ni nini tena? Na msiniambie hayatuhusu, maana tangu Januari 2026 Watanzania tumewekewa kizuizi kwenye viza zao za matembezi na za masomo. Mtoto wa dada yangu alikuwa na barua ya chuo mkononi. Sababu waliyotoa ni watu kuzidisha muda wa viza. Labda ni kweli. Labda nayo ni sheria isiyotaja jina.

Chuga_Damu

Mkuu wewe shika usukani, siasa waachie wenyewe. Tipu walikupa ngapi?

Dereva_Sakina

Tipu nilipata, bahasha mbili. Rudi kwenye mada.

Babu_wa_Kibosho

Nasema mimi, anayeandika ni mjukuu wangu wa kidato cha tano. Makosa ya herufi ni yake, makosa ya kumbukumbu yatakuwa yangu. Nina miaka themanini na mitano.

Mwanangu dereva, swali lako nimelipenda kwa sababu jibu lake niliwahi kuliona hapa hapa Moshi, nikiwa kijana wa miaka kumi na saba. Mwaka 1958 Mwingereza alituletea uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Tuliuita kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, karatasi yako imeharibika. Waafrika tulikuwa zaidi ya 8,000,000, Wazungu wapatao 20,000, viti sawasawa. Na wenyewe waliuita usawa! Nakumbuka bwana mmoja mwenye shamba akimweleza baba yangu kwa upole sana kwamba huo ndio mpango wa haki kuliko yote, hakuna rangi itakayoionea nyingine.

Halafu kupiga kura kwenyewe kulikuwa na sharti. Uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au umefika kiwango fulani cha elimu, au una cheo fulani kinachotambulika. Baba alikuwa karani wa chama cha kahawa, akajumlisha mshahara na mauzo ya kahawa akapenya. Mama hakupenya. Jirani yetu mwenye kihamba kikubwa kuliko chetu na ng'ombe wanne zizini hakupenya, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha mapato. Sharti lile halikusema popote kwamba Mchaga asipige kura. Ungelisoma, ungesema mbona zuri, linataka watu wenye maarifa. Lakini siku ya kura, kwenye mstari mlisimama makarani, walimu na wahubiri, na mji mzima wa akina mama ukabaki nyumbani unakata majani ya ng'ombe.

TANU karibu ipasuke kwa ajili ya jambo hilo, kule Tabora, Januari 1958. Wengine walitaka tususie. Mwalimu akasema tuingie humohumo ndani ya mtego, na hao Wazungu na Waasia wa lazima tuwachague wale walio upande wetu. Ndivyo Sophia Mustafa wa hapo kwenu Arusha alivyoingia barazani. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaunda chama chake. (Mjukuu ananiambia babu unatoka nje ya mada. Sitoki.)

Sasa nenda Alabama ya miaka ileile. Mtu mweusi akienda kujiandikisha anapewa mtihani wa kusoma na kueleza katiba, na msahihishaji ni karani mzungu ambaye hahitaji kueleza kwa nini amekukosesha. Kulikuwa na kodi ya kura pia. Machi 1965 waliandamana Selma wakapigwa darajani mbele ya kamera, na Agosti mwaka huo Rais Johnson akatia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Kuruhusu watu kupiga kura ilikuwa nusu tu ya sheria ile, maana katiba yao ilisharuhusu tangu 1870. Nguvu yake ilikuwa kifungu kimoja: majimbo yenye rekodi mbaya hayawezi kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi, hata kuhamisha kituo, bila ruhusa ya Washington kwanza. Huku kwetu mtu aliyewahi kukamatwa na kuku wa watu, akipita na gunia anaambiwa alifungue kwanza, halafu ndiyo apite. Ni hilo tu. Na lilifanya kazi karibu miaka hamsini.

Juni 2013 Mahakama yao ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikasema orodha ya wezi wa kuku ni ya zamani, mambo yamebadilika, msifungulishe watu magunia. Kesi ilitoka wilaya ya Shelby, Alabama, kwa huyo mgeni wako. Jaji mmoja mama mzee, Ruth Bader Ginsburg, aliyekuwa upande wa walioshindwa, aliandika kwamba huko ni kutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu hulowi.

Siku hiyohiyo, si kesho yake, Texas ikatangaza kwamba sheria yake ya vitambulisho inaanza kazi. Katika sheria hiyo leseni ya bastola ni kitambulisho halali, kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo si halali. North Carolina ndio walinichosha kabisa. Wabunge wake waliomba takwimu za jinsi wapiga kura wanavyopiga, zikiwa zimegawanywa kwa rangi. Wakishaona weusi wanatumia zaidi siku za kura za mapema na kujiandikisha siku ileile, wakapunguza siku na kufuta uandikishaji huo. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ikaifuta sheria hiyo ikisema iliwalenga weusi kwa usahihi kama wa daktari wa upasuaji. Nayo ilikuwa sheria moja kwa wote.

Nimechoka, mjukuu naye ana mtihani.

Dereva_Sakina

Shikamoo Babu. Nimesoma mara mbili. Hilo la kuomba takwimu kwanza ndiyo likatwe linalotumika, nimelisoma kwa sauti mke wangu akasikia.

Moshi_Hardware

Shikamoo Babu, ila niruhusu nipinge. Sisi hapa bila kadi hupigi kura, na hakuna anayelia ubaguzi. Kitambulisho kinamwonea nani? Pili, huyo jaji Clarence Thomas ni mweusi na alikuwa kwenye hao watano. Tim Scott, seneta wa South Carolina, mweusi, ni chama cha Trump. Na 2024 Trump alipata kura za wanaume weusi zaidi ya alivyopata nyuma. Hawa watu weusi wa Marekani wana akili zao, tusiwasemee kana kwamba wote ni kondoo wa zizi moja. Mimi nahisi tunapenda tu kusikia mzungu ni mbaya.

Mpima_wa_Poli

Hardware una haki nusu, na nusu nyingine nitakuonyesha kwa kazi yangu. Mimi ni mpima ardhi, nimechimbia bikoni za mipaka kuanzia Usa River mpaka Ngaramtoni. Kitu kimoja nimejifunza: ukinipa kalamu na ukaniambia nani unataka ashinde, sihitaji kumnyima mtu yeyote kura. Nitachora mstari tu.

Chukua Alabama. Zaidi ya robo ya watu ni weusi, na Alabama nzima ina viti saba kwenye Congress, bunge lao la taifa. Kwa miaka mingi ramani ilichorwa hivi: weusi wengi wamerundikwa kwenye jimbo moja la uchaguzi, waliobaki wametawanywa kwenye sita nyingine kama chumvi kwenye sufuria ya makande. Matokeo ni kiti kimoja. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu hiyohiyo, tena kwa watano kwa wanne, ikasema hapana, hii inavunja sheria ya 1965. Wabunge wa Alabama wakarudi mezani, wakaja na ramani nyingine, na bado jimbo lenye weusi walio wengi ni moja! Yaani unaagizwa na mahakama uongeze, unasogeza bikoni hatua mbili na kusema tayari. Mahakama ikachoka, ikaweka mpimaji wake. Mwaka 2024 kiti cha pili kikapata mbunge mweusi, Shomari Figures. Kitaaluma niliifurahia sana hiyo kesi, mke wangu hakuelewa nafurahia nini.

Ila ujanja mkubwa uko kwingine. Mwaka 2019 mahakama ilisema mistari ikichorwa kwa upendeleo wa chama, mahakama za shirikisho haziingilii. Sasa, pamoja na hao uliowataja, weusi walio wengi sana bado wanapiga kura chama kimoja. Basi mchoraji anasema, mimi sijawagusa kwa rangi yao, nimewagusa kwa chama chao. South Carolina walihamisha wapiga kura weusi kama 30,000 wa Charleston kutoka jimbo moja kwenda jingine, wakajitetea hivyo, na 2024 majaji sita kwa watatu wakawakubalia. Mwaka 2025 Texas imechora upya kabla hata muongo haujaisha, kwa kusukumwa na Rais mwenyewe, kusaka viti vitano. Unaweza kuishi mtaa uleule, nyumba ileile, kanisa lilelile, ukaamka uko jimbo jingine ambako kura yako ni tone.

Na sisi Wameru hatuhitaji kufundishwa habari za mstari usiotaja mtu. Mwaka 1951 watu wetu walihamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ikapewa walowezi. Hoja kwenye makaratasi ilikuwa ufugaji wa kisasa wa ng'ombe wa nyama na maziwa. Hakuna aliyeandika kwamba hawapendi Wameru. Kirilo Japhet akachangiwa nauli na wananchi, mwaka 1952 akafika New York kuusemea ukoo wake Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na kazi yake Moshi. Kura za kututetea hazikufika theluthi mbili.

Tena hapohapo jirani yangu Imbaseni, ukipita Maji ya Chai, anaishi Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi Marekani, tawi la Kansas City. Alikimbia kifungo cha miaka minne kwa kosa la kusafirisha bunduki, akafika Tanzania 1972. Yeye na mkewe Mama Charlotte wamejenga kituo pale, vijana wanajifunza kompyuta, Kiingereza na sanaa. Rafiki yake Geronimo Pratt alikaa jela miaka 27, hukumu ikafutwa 1997, akaja kuishi hapohapo Imbaseni na kufia hapo 2011. Mleta mada, kumbe ungempeleka mgeni wako pale badala ya kumrudisha moja kwa moja uwanjani KIA.

Moshi_Hardware

Mstari nimeelewa. Kitambulisho bado.

Dada_Marangu_MN

Kaka Hardware, nikujibu mimi, niko Minneapolis mwaka wa kumi na nne, ni nesi, kwetu Marangu Mtoni. Huku hakuna NIDA. Hakuna kadi moja ya taifa ambayo kila mtu anayo. Kitambulisho cha watu wengi ni leseni ya gari. Sasa bibi wa miaka themanini wa Mississippi hana gari, alizaliwa nyumbani kwa mkunga na cheti hana, na ofisi ya vitambulisho ya wilaya yake inafungua siku chache. Kumbuka wewe ulivyohangaika na namba ya NIDA miezi mingapi, halafu fikiria wanaopanga saa za ofisi kufunguliwa ndio wanaogombea kura. Hapo ndipo shida ilipo.

Nisiwe mwongo, kwangu Minnesota kura ni rahisi. Mwaka 2024 nilitumia dakika kumi, nikarudi nimewahi zamu. Ninayefanya naye kazi amekulia Georgia, yeye hajawahi kuamini dakika zangu kumi.

Ila niwape kisa cha nyumba. Tuliponunua nyumba, mume wangu ni mtu wa kusoma kila karatasi, akakuta kwenye hati ya zamani ya kiwanja sentensi inayosema mahali hapa pasiuzwe wala kupangishwa kwa mtu asiye mzungu. Nilishika mdomo. Hati ya miaka ya arubaini! Sentensi yenyewe imekufa, mahakama ilikataa kuitekeleza tangu 1948, na mwaka 1968 sheria ya nyumba ikaizika. Minnesota sasa inaruhusu mwenye nyumba kuifuta rasmi, tukaifuta. Lakini tulipotoka nje kuangalia mtaa, ulikuwa bado ulivyoandikwa. Majirani wazuri, wametuletea keki, na sisi ni familia ya pili nyeusi tangu nyumba zijengwe. Wale walionunua wakati ule waliwaachia watoto wao nyumba, watoto wakaiweka dhamana wakasomea chuo. Takwimu za benki kuu yao za 2022 zilionyesha familia ya kizungu ya katikati ina mali ya dola 285,000 hivi, ya watu weusi dola 45,000 hivi. Ukiwauliza jirani zangu kama walimbagua mtu, watakwambia hapana, na ni kweli.

Baada ya George Floyd kuuawa hapa mwaka 2020, mtaa wa 38 na Chicago, nilifanya kazi wiki ile macho yanawasha moshi. Kila taasisi ikatoa tamko. Kila mmoja akanunua kitabu. Nilidhani nimeona nchi ikigeuka. Mwaka 2023 kambi kubwa ya jeshi iliyokuwa na jina la jenerali aliyepigania utumwa, Bragg, ikapewa jina la Uhuru. Februari 2025 wamerudisha jina la Bragg. Na unajua walivyofanya? Wametafuta askari mwingine wa vita ya pili ya dunia, ukoo wake Bragg, wakasema sasa tunamheshimu huyu. Nilicheka peke yangu kantini. Babu wa Kibosho ungekuwepo tungecheka wote.

Mwezi mmoja kabla, Januari 2025, Rais alishafuta amri ya Johnson ya 1965 iliyowabana wakandarasi wa serikali wasibague kazini na wachukue hatua kuhakikisha hawabagui. Lugha iliyotumika ni "kurudisha usawa na sifa." Mahakama ilipozuia vyuo kuangalia rangi katika kupokea wanafunzi mwaka 2023, lugha ilikuwa hiyohiyo, usawa. Yule bwana wa shamba wa Babu angeelewana nao.

Na mara nyingine hawajisumbui hata na lugha. Desemba 2025 Rais aliwaita Wasomali takataka, mbele ya mawaziri wake, kamera zinaangalia. Nusu ya wagonjwa wangu ni Wasomali. Asubuhi yake mama mmoja mzee alikuja kupimwa presha, mkono umevaa glavu za baridi, hakusema lolote, akaniuliza tu kama na mimi nina pasi ya Marekani. Nikamwambia ninayo. Akasema, "Tembea nayo." Mimi mzaliwa wa Tanzania, raia wa huku, nina mkopo wa nyumba, natembea na pasi kwenye mkoba kwenda dukani kununua maziwa.

Mleta mada umetaja viza. Ongeza na hili: programu ya wakimbizi ilisimamishwa siku ileile Trump alipoapishwa, Wakongo waliokuwa Nyarugusu Kigoma wakisubiri miaka na miaka wakakwama na mabegi yao. Mei wakapokelewa Waafrikana kutoka Afrika Kusini kwa ndege ya kukodi. Idadi ya wakimbizi ya mwaka mzima unaofuata ikawekwa 7,500, na wa kupewa kipaumbele wakatajwa ni haohao. Hapo hawakuhitaji takwimu wala bikoni.

Moshi_Hardware

Dada pole. Nimenyoosha mikono kwenye kitambulisho. Kwenye kondoo wa zizi moja sijanyoosha.

Dada_Marangu_MN

Usinyooshe, hapo hata mimi nakubaliana nawe. Shemeji yako wa kanisani kwetu, mweusi wa Chicago, alimpigia Trump kwa sababu ya bei ya vyakula. Tunabishana kila Jumapili.

Chuga_Damu

Mnasema ya Marekani, mbona hamsemi la geti? Mimi nimefanya kazi za hoteli. Akija mzungu na kaptula iliyochanika ni mgeni. Nikija mimi na suti ni fundi au ni mtu wa mauzo. Nani alipitisha sheria hiyo hapa kwetu?

Dereva_Sakina

Chuga_Damu leo umeniweza, na ndilo lililonirudisha humu.

Juma lililopita nilipita Karatu na wageni wengine, hoteli ileile. Askari alikuwepo yuleyule. Kijana mpole, ana watoto wawili, nyumba ya kupanga. Nikamnunulia soda tukakaa kibandani kwake, nikamkumbusha mzee wa Georgia. Akaona aibu mpaka akavua kofia. Akaniapia kwamba hakuna bosi yeyote aliyewahi kumwambia awasimamishe weusi. "Kaka, mimi nimeambiwa maneno mawili tu. Mgeni asisumbuliwe, asiye mgeni aandikwe."

Nikamwomba daftari la getini. Akanipa, akaenda kufungulia gari la maji.

Nikafunua kurasa za msimu ule mmoja mmoja. Madereva wenzangu wengi nawajua kwa mwandiko. Fundi wa jenereta. Mleta nyama. Mama wa mboga, kila Jumanne na Ijumaa, anaweka dole gumba. Binti wa chuo aliyekuja mazoezini. Mhindi mmoja wa vipuri, mara mbili. Mchungaji. Mzungu hakuna, hata mmoja, kuanzia ukurasa wa kwanza.

Na tarehe ile, saa 12:20 jioni, kuna mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima kama za ubaoni. Jina lake lote la katikati na la mwisho. Ametoka wapi: Georgia. Kwenye safu ya anakwenda kwa nani ameandika namba ya chumba chake, na mbele yake jina la mkewe.

Nimeupiga picha ule ukurasa. Mzee aliniachia namba yake, huwa ananitumia salamu za Jumapili. Uko kwenye simu hapa tangu juzi, sijajua kama nimtumie.